Na Nne ya Wapi?

Mama mkubwa alikuwa na tabia ya kuwaambia majirani kwamba mwanawe ana maktaba. Alilitamka hilo kama mtu anayetaja shamba lake la urithi. Siku moja jirani wa nyumba ya pili, mama mwenye heshima zake, akabisha hodi kuomba kuazima kitabu cha hadithi. Cha mapenzi, alisema, lakini kisiwe na mambo mengi. Mama mkubwa akamketisha, akamwita mwanawe. Mwanawe akatoka chumbani na kompyuta yake, mfuniko umeshikiliwa na selotepu, akaiweka mezani na kuifungua.

"Ndiyo maktaba hii?" jirani akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Vitabu viko wapi?"

"Haina vitabu, mama. Ina hesabu."

Jirani akaaga kwa adabu. Alipofika getini akamshika mama mkubwa mkono, akamwambia, "Pole, mwenzangu."

Mwenye maktaba ndiye Mkato. Mama yake na mama yangu ni tumbo moja, kwa hiyo ni kaka yangu, na usiniletee habari za binamu. Tulifanya kazi pamoja kwenye duka la steshenari: kutoa kopi, kuchapa matangazo, kulaminisha vyeti vya waliomaliza vyuo. Mimi stashahada yangu ya kompyuta niliiacha katikati. Nusu niliyosoma ni ile yenye mateso. Ile yenye picha za joho sikuifikia. Kwa hiyo nikikueleza mambo ya Mkato ukaona yanaishia njiani, ujue ndipo ada na subira vilipoishia.

Jina la Mkato alilipata palepale dukani. Bwana mmoja alileta maneno ya kadi ya kumbembeleza mkewe. Maneno yalikuwa mawili tu: "Sitaki uondoke." Mkato akayachapa, akasita, akamtazama yule bwana.

"Mkato upo au haupo?"

"Mkato gani?"

"Bila mkato, 'sitaki uondoke', mama anabaki. Ukiweka mkato, 'sitaki, uondoke', mama anafungasha."

Yule bwana aliisoma kadi mara mbili. Halafu akasema, "Hebu nipe nusu saa nifikirie." Kuanzia siku hiyo duka zima likamwita Mkato. Nami nikaongeza langu, kwamba huyu ndiye Mkato pekee duniani asiyejua njia ya mkato.

Sasa nikueleze hiyo maktaba. Mtu anayeandika programu haanzi kila kitu mwanzo, kama vile seremala hachongi misumari. Kuna mtu mahali fulani amekwishachonga misumari mizuri, akaiweka mezani mtandaoni, akasema chukueni. Boksi la misumari ya namna hiyo ndilo maktaba. Zipo za kuchora grafu, za kukokotoa makadirio, za kuzidisha majedwali marefu kama treni. Zikiachwa wazi, kila mtu azisome, azirekebishe, hata aziuze ndani ya kazi yake, huitwa huria. Ukitumia simu leo umetumia kumi za namna hiyo bila kujua, na ajabu ni kwamba nyingi zinatunzwa na mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti kibovu, asiyejulikana hata na mwenye nyumba wake.

Ya Mkato iliitwa Tarakimu. Kazi yake ilikuwa kugeuza hesabu za maneno ziwe namba. Ukiipa "mia tatu na saba" inakupa 307, na programu nyingine zinaendelea na hesabu zao. Utasema kazi ndogo hiyo. Haya, niambie: "elfu ishirini na nne" ni ngapi? Ni 24,000? Au ni 20,004? Zote mbili tunazisema kwa maneno yaleyale, na tunaelewana kwa kupumua. Mtu akipumua baada ya ishirini, elfu ishirini, na nne, tunajua anataja 20,004. Asipopumua tunajua ni zile nyingi. Mashine haina mapafu.

Watu wengine wangechagua moja na kwenda kulala. Mkato aliiandika Tarakimu isibahatishe. Ikikuta maneno ya namna hiyo bila mkato, inasimama, inauliza: "Elfu ishirini, na nne ya wapi? Ya maelfu au ya peke yake?" Ukijibu, inaendelea. Juu ya mstari huo wa programu alikuwa ameandika: kuuliza si ujinga. Ndivyo alivyokuwa. Angekusumbua kwa swali moja leo kuliko akuharibie kwa kimya chake kesho.

Mama mkubwa alijitahidi kumwelewa. Mara ya kwanza aliposikia mwanawe anaandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta, alitoa sadaka, akidhani ameajiriwa idara ya mapato. Alipoelezwa akauliza kilicho muhimu.

"Na wanaochukua, wanakupa nini?"

"Hawanipi kitu, mama. Ni huria."

"Yaani bure."

"Siyo bure. Huria."

"Baba," mama mkubwa alisema, na huwa anamwita baba akitaka kumchoma taratibu, "bure lina maana mbili. Ni kile usicholipia, na ni kile kisichofaa kitu. Chagua yako."

"Kuna sharti," Mkato akamjibu. "Chukua, badilisha, uza. Lakini jina langu libaki juu."

"Jina nilikupa mimi. Nalo la bure."

Jibu la hilo mimi nililijua. Marehemu baba mkubwa alikuwa fundi mwashi. Nusu ya maduka ya barabara yetu yalipita mikononi mwake, matofali, plasta, na ile ngazi ya benki inayosifiwa. Siku tulipompeleka kaburini msafara ulipita barabara hiyohiyo, na kila jengo lilikuwa na bango, na kila bango lilikuwa na jina la mtu mwingine. Nilikuwa nimekaa karibu na Mkato ndani ya gari. Aliyasoma mabango yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ndogo, kama mtu anayehakiki. Ndiyo maana juu ya kila faili la Tarakimu aliandika jina lake, akafuatisha la baba yake, akamalizia na la babu. Mali nyingine hakuwa nayo. Mke hana, cheti cha maana hana, kiti anachokalia ni cha duka. Kitu kimoja tu alichotaka kwa dunia ni kwamba mtu akiifungua ile kazi aone nani kaijenga.

Kisha kampuni ikaja.

Ilikuwa kampuni ya mifumo, imepata kazi ya kuweka mfumo kwenye bohari ya dawa. Mtunza stoo anatembea kati ya rafu, anaisemesha simu: dripu kadhaa, glavu kadhaa. Simu inageuza sauti kuwa maneno, Tarakimu inageuza maneno kuwa namba, na mfumo unagawa dawa kwa hospitali kufuatana na namba hizo. Meneja wao alikuja dukani mwenyewe, kijana mwenye manukato, kitambulisho kinaning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi wa kwanza. Nilimpa kiti kizuri. Nilidhani ni neema.

"Kaka, kazi yako tunaikubali sana," alianza. "Ina tatizo dogo tu. Ni mbishi. Inauliza-uliza. Watu wa stoo wana kazi, kila baada ya rafu simu inawaambia na nne ya wapi, na tano ya wapi. Wanaona kama wanasimangwa."

"Wakiweka pumzi kidogo, wakatumia mkato, haiulizi."

"Nani anasema na mkato, kaka? Ondoa hilo swali. Mtu akisema elfu ishirini na nne, chukua ishirini na nne elfu, basi. Nani katika dunia hii ana vitu elfu ishirini na vinne?"

"Aliyehesabu," Mkato akasema.

Mimi nilicheka. Meneja hakucheka. Mkato akaendelea, maana akishafika hapo hawezi kunyamaza. "Na umeona, umesema 'vinne'. Ukihesabu vitu, lugha inakutetea, inasema vinne, tunajua ni vya peke yake. Ukihesabu chupa haikutetei. Chupa nne, elfu nne, nne ni ileile. Ndiyo maana lazima tuulize."

"Tungependa kukushirikisha zaidi siku za usoni," meneja akasema. Siku za usoni ndiyo stoo wanamoweka ahadi zao watu wa kampuni; hakuna mtunza stoo wa kuihesabu.

"Swali siondoi," Mkato akasema. "Samahani, ndugu yangu. Mashine isiyojua ikakaa kimya ni mwongo mwenye adabu."

Meneja akamshukuru kwa muda wake, akanunua kalamu moja kwa heshima, akaenda. Hakuwa na haja ya kugombana. Huria ni huria. Walichukua nakala, wakaingia ndani, wakafuta ule mstari wa swali, wakachagua kubwa kila mara. Sheria iliwaruhusu, Mkato mwenyewe ndiye aliyeiandika ruhusa. Sharti lake pia walilitimiza barabara: jina lake likabaki juu. La baba, la babu, yote matatu.

Alipoiona nakala yao aliisoma mstari kwa mstari. Aliniambia, "Wamenikata ulimi, uso wameuacha." Akawaandikia warudishe swali. Akapata jibu la mashine, kwamba ujumbe wake umepokelewa na ni wa thamani kwao. Akaandika tena, akaeleza kwa mifano. Ukapokelewa tena. Nilimwambia, "Kaka, unaongea na kitasa cha mlango." Akasema, "Kitasa nacho kuna siku kinafunguka."

Bohari ilifanya hesabu yake. Mtunza stoo, na hakuna anayemlaumu, alifika kwenye rafu za chupa za dripu, akahesabu sawasawa, akakuta 20,004. Akaiambia simu: elfu ishirini na nne. Simu haikumuuliza kitu. Ikaandika 24,000, na mfumo ukaanza kugawa chupa, zikiwemo ambazo hazikuwepo. Hospitali za mwanzo kwenye mgawo zilipata zao zote. Ya kwetu ilikuwa mwishoni. Gari lilikuja na makaratasi bila chupa.

Ulikuwa msimu wa kuhara. Nesi mmoja wa wodi ya watoto anaishi mtaani kwetu, mteja wetu wa siku zote, mpenda utani, ambaye alikuwa akimwita Mkato "mwalimu wangu wa vituo" kwa kumsahihishia mikato na nukta. Alituhadithia akiwa bado na sare. Waliwanywesha watoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, mama huku, nesi huku, kijiko baada ya kijiko, wanatapika, wanaanza upya. Wengi walipona. Kuna mmoja Nesi alianza kumtaja, halafu akaomba tumtolee kopi zake aondoke.

Mkato akavuta kiti. Aliketi, akafungua kompyuta, na mimi nikaona mkono wake unatafuta nakala ya kampuni. Alijua kabla yetu sote.

Uchunguzi ulifanyika. Kampuni ilipeleka watu wenye suti, wakaeleza kwa masikitiko makubwa kwamba kosa halikuwa la mfumo wao. Lilitoka kwenye maktaba ya hesabu ya mtu wa nje, ambayo wao waliiamini. Wakafungua faili mbele ya kamati, wakaliweka ukutani kwa projekta. Na juu kabisa, kwa herufi zilizo wazi, jina lilikuwa la mtu mmoja tu. Mtu akapiga picha. Mpaka jioni picha ilikuwa kwenye kila simu ya mtaa wetu, na chini yake maneno ambayo mama mkubwa sikumsomea.

Jirani wa nyumba ya pili alipita dukani siku iliyofuata. Hakununua kitu. Alisimama mlangoni, akamuuliza Mkato, "Ndiyo ile maktaba?"

"Ile yangu bado inauliza, mama. Hii ni nakala, walifuta..."

"Nilishangaa mapema," akasema. "Maktaba haina vitabu." Akaenda zake.

Mwenye duka hakumfukuza, tumpe haki yake. Alimhamishia nyuma, kwenye mashine ya kulaminisha, pasipoonekana kutoka barabarani. Huko ndiko Nesi alikomkuta. Alikuja na leseni yake ya kazi ilaminishwe, akatazama mikono iliyoipokea, akatazama uso.

"Lile jina ni lako?"

"Nikueleze, dada. Kuna mstari waliouondoa. Mimi niliukataa, mdogo wangu huyu shahidi..."

"Sijakuuliza mstari. Nimekuuliza jina."

Mashine ilikuwa inapata moto, inanuka plastiki. Mkato akasema, "Jina ni langu."

"Basi." Akaichukua leseni bado ina joto, akaipepea ipoe, akaondoka. Mwalimu wa vituo hakuitwa tena.

Mimi niliwaka. Nilimwambia tuandike, tuweke mtandaoni nakala mbili ubavu kwa ubavu, kila mwenye macho aone. Akasema ameshaandika. Alikuwa ameandika kurasa tatu, zenye tarehe za kila badiliko, ukweli mtupu, hata mkato mmoja haukukosewa. Waliosoma walikuwa waandika programu wachache wa mbali, wakampa pole, mmoja akauliza kama anaweza kuongeza na hesabu za sehemu, nusu na robo, maana anazihitaji haraka.

"Unaona?" Mkato aliniambia. "Picha ni jina moja. Maelezo yangu ni kurasa tatu. Wewe ungesoma kipi?"

Kilichommaliza kilitokea kliniki. Mama mkubwa alikwenda kupimwa presha, nami nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi pamoja na wengine. Karani akatoka na kadi, akaita jina lake, na jina la mwisho la mama mkubwa ni la mumewe. Benchi zima likageuka. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, si kwa sauti ndogo ya kutosha, "Ndiyo ukoo ule." Mama mkubwa alisimama, akanyoosha kanga yake, akaingia kwa daktari kichwa juu. Presha yake daktari aliirudia kupima mara ya pili kwa kutoiamini.

Nyumbani alimwambia Mkato mezani, bila hasira, na laiti ingekuwa kwa hasira. "Baba yako alijenga mtaa huu wote hakuna aliyemwandika. Leo kaandikwa. Kila mtu anamsoma."

Mkato aliweka kijiko chini.

Akaandika mbele yetu, palepale mezani. Nilisoma juu ya bega lake. Alisema yeye ndiye mwenye haki ya kazi ile, na kwamba anaiondolea kampuni sharti lake pekee. Wanaruhusiwa kulifuta jina lake. Hakuomba kingine. Nilimshika mkono nikamwambia, "Kaka, hicho ndicho kitu chako. Ukikitoa umebaki na nini?" Akasema, "Na mama." Akatuma.

Miezi yote ile ya kuomba swali lirudishwe, tulijibiwa na kitasa. Safari hii hakuwahi hata kufunga kompyuta. Jibu lilikuja kutoka kwa mtu, mwenye jina na cheo: "Asante sana kwa ushirikiano wako." Akafungua nakala yao. Sehemu ya juu ilikuwa nyeupe.

Aliisoma ile nafasi nyeupe kwa midomo, kama alivyosoma mabango siku ile.

Tarakimu yake halisi bado ipo mtandaoni, ina swali lake na jina lake. Hakuna anayeichukua, maana ukiitafuta, picha ile ndiyo inayokuja kwanza. Watu wakiulizwa mtaani kama kosa lilikuwa lake wanasema kama halikuwa lake, mbona jina limeondolewa? Na ukiwaambia alijiondoa mwenyewe wanasema, unaona sasa.

Juzi tulikuwa sebuleni, mama mkubwa anakunja nguo, televisheni inaongea peke yake. Likaja tangazo. Mtunza stoo nadhifu anatembea kati ya rafu nadhifu, anaisemesha simu. Simu inasimama. Kwenye kioo chake yanatokea maneno makubwa, na sauti tamu inayasoma. Halafu anatokea meneja, sasa ana tai, anasema wamejifunza, wamewekeza, wamebuni. Mfumo wao mpya haubahatishi. Mfumo wao mpya unauliza. Na nyuma yake, ukutani, maneno yenyewe yameandikwa kwa rangi ya dhahabu:

ELFU ISHIRINI NA NNE YA WAPI?

Nilitukana, mbele ya mama mkubwa, naye hakunikemea. Mkato aliinama mbele akasoma, macho yake yanakwenda taratibu kushoto kulia, kama vile mteja kaleta tangazo na anasubiri.

"Wameacha mkato," akasema. "Hapo baada ya ishirini."

Mama mkubwa akaliweka chini shati alilokuwa analikunja.

"Wamekuacha, baba," akasema. "Nimeona."